Siku Tuliyohamisha Seva za Damu

Mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni pa ofisi yetu ya Nakivubo, Kampala, akakataa kiti, akatuambia kwa upole kwamba jengo litabomolewa na kwamba angefurahi tukiondoka kabla mvua hazijakolea. Hatukuwa na la kubishana. Kila msimu wa mvua maji ya mfereji yalipanda mpaka kwenye vizingiti vya maduka ya chini, na wauza viatu walikuwa wamezoea kupandisha mali yao juu ya meza bila kuambiwa na mtu. Sisi tulikuwa ghorofa ya kwanza, maji hayakutufikia. Lakini betri zilizoshika mashine zetu wakati umeme ukikatika zilikuwa chini, katika chumba cha nusu shimo nyuma ya ngazi, na kila wingu lilipotanda tulikuwa tukizifikiria.

Shirika letu lilikuwa dogo. Lilitunza kumbukumbu za damu kwa hospitali na zahanati za watu binafsi: mfuko huu ni wa kundi gani, uko kwenye friji ya nani, umepimwa au bado, umekutwa salama au una ugonjwa. Daktari akihitaji damu, mtu wake wa maabara alifungua kompyuta, akaona pale pale mfuko ulio karibu, akauwekea jina la hospitali yake, akamtuma mwenye bodaboda. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba akiuliza anajibiwa, na kwamba anachojibiwa ni kweli.

Tuliokuwa tukizishughulikia mashine ni watu wawili. Mimi ni Mkenya, kwetu ni upande wa magharibi. Nilikuja Kampala kwa mkataba mfupi nikabaki, nikapanga nyumba Kisugu, nikajua kununua ndizi za matooke bila kudanganywa. Mwenzangu alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Bombo, kitukuu wa mmoja wa askari walioletwa zamani kutoka Sudan. Alinizidi umri kwa mbali. Ofisi nzima ilimwita Haji, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita dada, ingawa ningeweza kuwa binti yake. Wenzetu walizungumza Kiganda na Kiingereza, lakini mimi naye tulizungumza Kiswahili, changu cha shule na kanisa, chake cha baba yake aliyekuwa dereva wa jeshi, kifupi, kisichozunguka.

Seva, yaani mashine zile za kumbukumbu, Haji alizifunga mwenyewe, miaka mingi kabla sijafika. Lazima nieleze kidogo zilivyofanya kazi, maana bila hilo siku ile haitaeleweka. Kumbukumbu hazikukaa kwenye mashine moja. Zilikaa kwenye tatu, kila moja ikiwa na nakala kamili, na zote zikizungumza bila kukoma. Mfuko wa damu haukuhesabiwa kuwa umeandikwa mpaka mashine mbili zikubaliane kwamba zimeuandika. Ikifa moja, mbili zilizobaki zinaendelea, na hospitali hazijui kama kuna kilichotokea. Zikifa mbili, ile iliyobaki inanyamaza. Inacho cha kusema, ila inakataa kukisema, kwa kuwa hakuna mwenzake wa kuithibitishia kwamba ilichonacho ndicho cha mwisho.

Siku zangu za kwanza nililiona hilo ni udhaifu. Haji alinirekebisha bila kugeuka kutoka kwenye kibodi.

"Bora inyamaze," alisema, "kuliko iseme mfuko ni mzuri, kumbe asubuhi wamekuta una ugonjwa."

Tulipata chumba Wandegeya, mtaa mwingine wa jiji, ghorofa ya juu ya jengo jipya, chini yake maduka ya kuchapisha ambako wanafunzi walipanga foleni na kazi zao za kumalizia masomo. Tulinunua mashine tatu mpya. Hatukutaka kuzima kila kitu siku nzima ili kuhama, kwa sababu damu haihitajiwi kwa ratiba. Mpango wetu ulikuwa wa taratibu: tunaunganisha mashine mpya moja na wenzake wa Nakivubo, tunaiacha inakili kila kitu, ikishakuwa sawa nao tunaipa kura yake katika makubaliano yale, ndipo tunaiondoa ya zamani moja. Kisha tunarudia kwa ya pili, kisha ya tatu. Mwisho kundi lote liwe limehamia Wandegeya bila hospitali kujua limehama. Tuliwaandikia kwamba huenda mfumo ukasita dakika chache. Mkurugenzi wetu aliyapenda sana yale maneno, "dakika chache," akawa anayasema kila kikao.

Mashine ya kwanza ilihama siku ya kazi, na hakuna aliyepiga simu kulalamika. Haji aliichomoa ile ya zamani, akaipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe, akaiweka pembeni ukutani. Sikumwona akitabasamu mara nyingi, lakini siku ile alitabasamu.

Ya pili tuliipangia Jumamosi asubuhi, wakati maombi huwa machache. Tulifika Nakivubo wauza viatu wakiwa bado wanafunua maturubai yao. Haji alikuwa amebeba chupa ya chai. Tukaianzisha mashine ya pili ya Wandegeya, ikaanza kuvuta nakala, namba zikawa zinapanda polepole kwenye skrini. Hakukuwa na kingine cha kufanya ila kunywa chai na kutazama.

Simu yake ililia akiwa ananimiminia kikombe cha pili. Alizungumza Kinubi. Sijui Kinubi, lakini nilimwona akiiweka chupa mezani bila kuifunga, na nikajua.

"Mama amekufa," akaniambia alipomaliza. Sauti yake haikupanda wala haikushuka.

"Pole, Haji. Pole sana."

"Ameamka vizuri. Ameswali. Dada yangu amekwenda kumletea uji, amerudi, mama hayuko."

"Wanazika leo?"

"Leo. Baada ya adhuhuri." Akageuka kutazama skrini. "Mimi namaliza hii kwanza. Halafu nakwenda."

"Haji, nenda."

"Ikikwama je?"

"Ikikwama, nipo. Nenda ukamzike mama."

Aliendelea kukaa. Alianza kunieleza mambo ambayo nilikuwa nayajua: kwamba diski ya ile mashine ya kushoto imechoka, isiharakishwe, kwamba mvua ikinyesha niangalie betri, kwamba mtandao kati ya Nakivubo na Wandegeya huyumba kukiwa na mawingu. Nilimwacha aseme yote. Nadhani alikuwa akijipa muda wa kuinuka. Mwishowe alisimama, akatafuta funguo zake mfukoni wakati alikuwa amezishika mkononi.

"Ukikwama, nipigie," akasema mlangoni. "Simu itakuwa karibu."

"Sawa," nikasema.

Kutoka dirishani nilimwona akivuka katikati ya wauza viatu akiwa na shati lake la kazini. Hakuwa na kanzu. Nikawaza kwamba huko Bombo atapata mtu wa kumwazima.

Mvua ilianza muda si mrefu baada ya yeye kuondoka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja, na kelele za soko zikazama chini yake. Umeme wa mtaa wetu ukakatika, betri zikapokea, mashine zikaendelea kama kawaida. Namba kwenye skrini zilikuwa bado zinapanda, lakini kwa shida, zikisimama na kuanza tena. Mtandao ulikuwa umeanza kuyumba kama Haji alivyosema. Na kulikuwa na jambo jingine baya zaidi: mashine mpya ya kwanza, ile ya Wandegeya iliyokwisha kupewa kura, ilikuwa imeanza kubaki nyuma. Ile ya pili ilikuwa ikivuta nakala nyingi kiasi kwamba mwenzake alikuwa hapati nafasi ya kupokea habari mpya.

Ndipo askari wa jengo alipopanda ngazi, viatu vikiwa mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Nyabo," akasema kwa heshima ya Kiganda, "maji imeingia kule chini. Kwa betri."

Nilishuka naye. Chumba cha betri kilikuwa na giza, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yakizunguka ndani yake kimyakimya, yakibeba makaratasi na kiatu kimoja cha mtoto. Betri zilikuwa juu ya jukwaa la mbao ambalo Haji alilitengeneza. Maji yalikuwa yameshaanza kulamba mbao. Hatukuwa na jinsi ya kuzipandisha juu, zilikuwa nzito na zimefungwa nyaya. Nikamwomba askari asimame kwenye ngazi aniambie yakipanda.

Nilirudi juu nikakaa kwenye kiti cha Haji. Betri zikifa, mashine zote mbili za Nakivubo zingezimika kwa mpigo mmoja. Ingebaki moja ya Wandegeya, ile iliyobaki nyuma, nayo ingenyamaza. Ningeweza kuilazimisha iseme, ipo amri ya kufanya hivyo. Lakini ingesema ya zamani. Asubuhi ile kuna mifuko ilikuwa imepimwa. Kama mmoja ulikutwa na ugonjwa na habari yake haijafika Wandegeya, mashine ingemwambia daktari kwamba mfuko ule unafaa.

Njia nyingine ilikuwa kusubiri na kuomba maji yasipande. Na nyingine ilikuwa kumpigia Haji. Yeye alizijua betri zile kuliko mtu yeyote. Angeniambia kama zitahimili, na kwa muda gani.

Nilitazama saa ukutani. Adhuhuri ilikuwa imepita. Walikuwa wameshamswalia, labda sasa wanatembea na jeneza.

Baba yangu alizikwa nyumbani kwetu mwaka wangu wa pili Kampala. Mchungaji alikuwa anasoma, simu yangu ikatetemeka, nikaona ni ofisini. Wakati ule nilikuwa bado ninaamini kwamba simu ya ofisini haikataliwi. Nilisogea pembeni, nyuma ya jiko, nikaziba sikio moja, nikamweleza mtu jinsi ya kuwasha kitu ambacho sasa hata sikikumbuki. Niliporudi walikuwa wanatia udongo. Mama alinitazama, akasogea kidogo ili nipate mahali pa kusimama. Sikumwona baba akishuka. Ni kitu ambacho siwezi kukipata tena kwa namna yoyote.

Niliisukuma simu mbali, upande wa pili wa meza.

Kisha nikaamua kuufunga mfumo mwenyewe, kabla maji hayajaufunga. Kama hakuna kipya kinachoandikwa, mashine ya Wandegeya haiwezi kuendelea kubaki nyuma, itafika tu. Nilipaswa kufunga na maswali pia. Mtu akiona mfuko asioweza kuuwekea jina, hospitali mbili zinaweza kutuma bodaboda mbili kwa mfuko mmoja. Nilimpigia mkurugenzi.

"Nafunga mfumo," nikamwambia.

"Kwa dakika ngapi?"

"Sijui. Zaidi ya zile tulizoahidi."

"Haji anasemaje?"

"Haji yuko mazikoni. Mama yake amefariki."

"Innalillahi. Hana simu?"

"Anayo. Sitaki kumpigia."

Nilisikia mvua ya upande wake pia, ikigonga bati. "Basi ni juu yako," akasema.

"Ni juu yangu."

Nikafunga. Nikaisimamisha mashine ya pili isivute nakala tena, ili njia yote iachiwe ile ya kwanza. Nikatuma ujumbe kwa hospitali zote kwamba mfumo umefungwa, anayehitaji damu apige simu. Halafu nikakaa kutazama pengo kati ya Wandegeya na Nakivubo likipungua. Lilipungua polepole sana. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Kutoka ngazini askari alikuwa akiniambia, "Bado, nyabo," na baada ya muda, "Sasa imegusa ubao wa juu."

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mtu wa maabara wa hospitali moja ndogo ya kina mama.

"Mfumo wenu umelala," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea haraka.

"Najua. Unahitaji nini?"

"O hasi. Kuna mama amejifungua, damu haisimami. Huku nimebakiwa na mfuko mmoja na wameshautundika."

"Usikate."

Mashine za zamani zilikuwa bado hai, na mimi peke yangu nilikuwa na uwezo wa kuziuliza. Niliuliza. Zikanionyesha mifuko kwenye zahanati moja kule kwetu Kisugu. Nikapiga kwa simu yangu ya mkononi, ile ya mezani ikiwa imelala mdomo wazi, na mwanamke wa maabara pale akapokea.

"Fungua friji yako," nikamwambia. "Nataka uniambie unachokiona kwa macho, usiniambie cha kwenye kompyuta."

Nilisikia mlango wa friji ukifunguka. "Mifuko ya O hasi ipo," akasema.

"Nisomee kibandiko."

Akanisomea namba, tarehe, na neno kwamba imepimwa na ni salama. Namba zile zilikuwa sawasawa na zilizokuwa mbele yangu.

"Usimpe mtu mwingine. Bodaboda anakuja."

"Na mvua hii?"

"Atakuja."

Nikarudi kwenye simu ya mezani, nikamweleza yule wa kwanza pa kutuma mtu. Hakusema asante wala sikuitarajia. Nilisikia tu akimwita mtu kwa Kiganda, kisha laini ikakatika.

Pengo lilifungika wakati askari alikuwa ameacha kunipa habari na kupanda juu kabisa, akisimama mlangoni akidondosha maji. Niliitazama kumbukumbu ya mwisho kwenye mashine zote tatu. Ilikuwa moja: mfuko wa kundi B, umepimwa, salama, friji ya zahanati fulani. Nikaitazama tena kwa sababu sikujiamini. Ilikuwa moja. Sasa kuilazimisha ile ya Wandegeya hakukuwa na hatari, kwa kuwa hakuna kitu kilichokuwa kimebaki Nakivubo ambacho haikuwa nacho. Nikaipa amri iwe peke yake, isiwangoje wenzake. Ikakubali. Nikafungua mfumo, na kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye nyumba mpya ni ile mifuko ya Kisugu, niliiwekea jina mwenyewe.

Mashine za zamani zilizimika muda mfupi baadaye. Nilikuwa nimezoea mvumo wake kiasi kwamba sikuwahi kuusikia mpaka ulipokoma. Askari akageuka kutazama mashine zile mbili, akavua kofia.

"Zimekufa?" akauliza.

"Hazihitajiki tena," nikamwambia.

Mchana ule wote kumbukumbu za damu zilishikwa na mashine moja, nami nikiitazama kwa kompyuta ya mkononi niliyoiunganisha na simu yangu, na sikuinuka kwenye kiti mpaka ile ya pili, niliyoianzisha tena, ilipomaliza kunakili kutoka kwa mwenzake, pale pale Wandegeya, bila kuhitaji tena njia ya Nakivubo. Mvua ilikuwa imekwisha, na wauza viatu walikuwa wanachota matope kwa makopo. Niliishika simu nikifikiria kumwandikia Haji. Kisha nikawaza: mwache. Amechoka, ana wageni, ataona Jumatatu. Nikaiweka mfukoni.

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda Bombo kutoa pole. Nilifunga leso kichwani. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani juu ya mikeka, na dada yake Haji, mwanamke mrefu mwenye uso wa kaka yake, alinishika mkono akaniketisha kando yake kama mtu wa pale. Waliniletea gurusa, zile chapati laini za Wanubi, na mchuzi. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza nimetoka wapi.

"Nafanya kazi na Haji," nikasema.

"Hospitalini?"

Dada yake Haji akajibu kwa Kinubi kabla yangu, na bibi akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Haji aliniita nje nilipomaliza kula. Tulisimama nyuma ya nyumba, kando ya pipa la maji. Kanzu aliyovaa ilikuwa fupi kidogo, ya mtu mwingine. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo: maji, pengo, kufunga, yule mama wa O hasi, mashine mpya mbili zikiwa salama. Alisikiliza akitazama chini. Aliuliza swali moja tu, kuhusu kumbukumbu ya mwisho, kama nilihakikisha. Nikasema nilihakikisha mara mbili.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mimi pia ningefunga." Halafu akauliza, "Kwa nini hukunipigia?"

"Ulikuwa makaburini, Haji."

"Mvua niliiona. Huku pia ilinyesha. Nikajua betri." Akaweka mkono kifuani. "Simu ilikuwa hapa, ndani ya kanzu. Imamu anasoma dua, mimi nasikiliza kifua. Nimeshuka ndani ya kaburi, mimi na kaka yangu, tunampokea mama, na mimi nasema, sasa italia. Watu wanatia udongo, nasema, sasa. Haikulia. Nikaitoa nikaangalia kama mtandao upo. Watu wananiona naangalia simu, mama yangu hajafunikwa." Akaushusha mkono. "Nilingoja ilie, dada. Mimi mwenyewe sikulia."

Nilitaka kumweleza habari za baba yangu na jiko na sikio nililoziba, ili ajue nilichokuwa nataka kumpa. Nikaacha. Ningekuwa najitetea tu. Kumbe kilichohitajika ni maneno matatu kwenye simu: niko sawa, zika. Angeyasoma akaizima.

"Nilipaswa kukuandikia," nikasema. "Sikufikiri. Nisamehe."

"Hapana, hakuna kosa," akasema, na alimaanisha. "Wewe ulinionea huruma." Dada yake akamwita kutoka mlangoni, wageni wengine walikuwa wamefika, akaenda kuwapokea.

Jumatatu yake nilimpigia mtu wa maabara wa hospitali ile ya kina mama. Aliniambia damu ilifika kwa wakati na yule mama yuko hai, ameanza kula. Mtoto alikuwa ameshafariki kabla hawajatupigia simu. Aliniambia hilo bila kuulizwa, labda ili nisiwaze kwamba ni sisi. Nilimshukuru. Sikuacha kuwaza, lakini nilimshukuru.

Mashine ya tatu niliihamisha nikiwa na kijana kutoka kampuni iliyotuuzia vifaa, na safari hii hospitali hazikuona hata kusita. Mkurugenzi hakuwahi kunilaumu. Kwenye kikao alisema mfumo ulifungwa kwa sababu za usalama, akapita kwenye jambo lingine, na sikumsikia tena akisema "dakika chache."

Haji aliporudi kazini kulikuwa na shughuli moja iliyobaki Nakivubo. Mashine za zamani hazingeweza kutupwa zikiwa na majina ya watu waliotoa damu. Ilibidi diski zifutwe, na kufuta diski ni kuiandika upya yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa utupu. Kazi hiyo haiharakishwi. Haji alisema ataifanya yeye. Mimi nikasema nitakaa naye.

Jengo lilikuwa limeshahamwa. Maduka ya chini yalikuwa yameng'olewa milango, na mahali pa wauza viatu palibaki vipande vya mbao. Tulivuta viti viwili. Diski ile iliyochoka ililia kwa sauti ya kukwaruza, na Haji aliisikiliza kidogo, kisha akaanza kuzungumza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Alizungumza juu ya mama yake. Alisema alikuwa mfumaji wa vikapu, na kwamba vidole vyake vilikuwa na rangi za ukindu hata siku ya Idi. Alisema baba alipokuwa hayupo, miaka ile jeshi lilipotawanyika na Wanubi wakawa wanajificha wasilipiziwe kisasi, mama aliwavusha wanawe wote mpaka ng'ambo ya mpaka na kuwarudisha wote. Alisema mama hakuelewa kazi yake kabisa. Alijaribu kumweleza mara kadhaa, na kila mara mama alisikiliza vizuri, akaitikia, kisha akawaambia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi ya damu. Majirani wakaelewa ni daktari. Watu wakawa wanakuja nyumbani siku za sikukuu kumwonyesha miguu yao inayovimba.

"Ulikuwa unawaambiaje?" nikamuuliza.

"Nawaambia waende hospitali." Akapangusa ukingo wa meza kwa kidole. "Sikuwaambia mimi si daktari. Mama yuko pale, ananiangalia, anafurahi. Nitamwambia nini."

Akataka kuongeza kitu. Mdomo wake ulijaribu neno la kwanza, likashindikana, akajaribu tena. Kisha akainama mbele, viwiko juu ya magoti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti mwanzoni. Ilipokuja ilikuwa nzito, ya mtu asiyejua namna ya kuifanya.

Niliinuka, nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu bila kuufunga kabisa. Nilisimama ngazini nikiegemea ukuta. Baada ya muda mafundi wawili wa kubomoa walipanda wakiwa na nyundo mabegani, wakaniuliza kama wanaweza kuingia kuanza kung'oa madirisha.

"Bado," nikawaambia. "Kuna mtu ndani anamalizia."

Wakaketi kwenye ngazi, mmoja akatoa karanga, akanipa. Tukala, tukisubiri.